Ukuta wa Kanisa na Maji ya Jirani

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Kanisa letu liko Kisauni, Mombasa. Mwaka jana tulizungushia kiwanja chetu ukuta wa mawe, na tangu hapo mvua ikinyesha, maji yaliyokuwa yakipita kwetu hujaa uani kwa jirani, mama Mwislamu anayepika mahamri ya kuuza. Sisi vijana tunataka ukuta utobolewe na mfereji uchimbwe. Mzee mmoja wa kanisa anapinga, akisema kwamba kazi ya mfuasi wa Kristo ni kuokoa roho, kwa kuwa ulimwengu huu utateketea, na kwamba ukuta uko ndani ya mpaka wetu. Je, tunakosea?

JIBU: Hamkosei. Mzee wenu, nadhani, anaegemea 2 Petro 3:10, nami namsihi asiishie hapo, kwa sababu mstari wa 13 unaahidi mbingu mpya na nchi mpya ambamo haki yakaa, na Paulo katika Warumi 8:21 anasema kuwa viumbe vyenyewe vitawekwa huru kutoka katika utumwa wa uharibifu. Anayeungojea ulimwengu wa namna hiyo hawezi kustarehe huku maji ya uwanja wake yakizima jiko la mwenzake. Zakayo naye, katika Luka 19, hakutosheka na toba ya mdomo. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya, na hapo ndipo Yesu alipotamka kwamba wokovu umefika nyumba ile. Suala la mpaka ni la hati ya kiwanja, nalo halijibu lolote kuhusu maji.

Hata hivyo, namna ya kutengeneza ina uzito sawa na kutengeneza kwenyewe. Frere Town, hapo hapo upande wenu, ilianzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana kutoka Uingereza, mwaka 1875 ili kuwapokea watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wakapata makao, shule na kanisa, na mnara wa kengele yao ungalipo hadi leo. Lakini haikupita miaka mingi kabla ya kubainika kuwa baadhi ya watu hao walichapwa viboko papo hapo misheni. Jambo hili hatulitaji sana katika sherehe zetu, nami naona tungelitaja, kwani aliyefunguliwa pingu kisha akachapwa na mkombozi wake hawezi kuambiwa kuwa amerejeshewa utu wake.

Kwa hiyo msiutoboe ukuta usiku kwa siri, mkapatana na jirani huku mkilipasua kanisa. Lipelekeni jambo hili kwenye baraza la wazee, na mumwombe mzee huyohuyo awe miongoni mwa watakaokwenda kubisha hodi. Mwende na fundi, mama awaonyeshe maji yanapoingilia na yanapofikia, kisha mumuulize ni hasara gani aliyoipata, nanyi mlipe. Vijitabu vya injili viacheni nyumbani siku hiyo, na asiwepo wa kupiga picha. Mnakwenda kama wadeni. Huenda asiwapokee vizuri, na ana haki hiyo; Warumi 12:18 inawadai amani kwa upande wenu tu. Mfereji uchimbwe hata akikataa kuzungumza nanyi, ilimradi usiyaelekeze maji kwa jirani wa tatu, na uwe tayari kabla ya masika.