Alianguka mita 18, akajipangusa vumbi

Ugomvi mkubwa wa kwanza mezani kwetu ulitokana na kuanguka. Tulikuwa tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao mmoja anasimulia hadithi, wengine wanaendesha mashujaa na dadu zinaamua, toleo la tano, lile la mwaka 2014, na shujaa wa rafiki yetu mmoja akateleza kwenye genge la futi 60, yaani kama mita 18. Kanuni inasema kila futi 10 za kuanguka ni dadu moja ya nyuso sita. Nikarusha dadu sita, zikatoa 19. Jamaa alikuwa na pointi za uhai 52, kwa hiyo akabaki na 33. "Najipangusa vumbi," akasema, "nachomoa upanga."

Nesi akaweka kalamu chini. Tunamwita Nesi kwa sababu ndiyo kazi yake, tena wodi ya mifupa. "Mita 18? Wa hivyo kwetu analetwa kwa machela, jina lake mwenyewe halijui."

Mwendesha mchezo nilikuwa mimi, na hapo ndipo nilipokosea: nilirudi nyumbani nikaanza kutunga kanuni. Wiki tatu nzima. Daftari likajaa jedwali la viungo vya mwili, damu inayopotea kila raundi, mfupa uliovunjika kupona kwa wiki sita. Nilijiona mhandisi.

Jumamosi ya majaribio wakaja vibwengo wanne tu, pambano ambalo kwa kawaida halizidi nusu saa. Tulianza saa mbili usiku. Kila pigo lilidai dadu ya kulenga, dadu ya kiungo, dadu ya ukubwa wa jeraha, kisha mimi nipekue daftari. Raundi ya pili yule yule shujaa wa genge akavunjika mguu, na mchezaji wake akahamia kwenye simu, maana mtu wake alikuwa kalala chini na wiki sita za kitandani zinamngoja. Kufika saa tano, vibwengo wawili walikuwa bado wazima. Nesi, aliyedai uhalisia, alikuwa amesinzia kwenye kochi.

Usinielewe vibaya, uhalisia wa namna hiyo unawezekana. RuneQuest, mchezo wa aina hii hii wa mwaka 1978, iliugawa mwili na kila kiungo kikapewa pointi zake. GURPS, mwingine wa mwaka 1986, inahesabu pambano sekunde kwa sekunde. Lakini michezo hiyo ilijengwa hivyo tangu msingi. Mchezaji anajua pigo moja la mguu linaweza kummaliza, basi anakwepa vita au anakimbia mapema. Mimi nilikuwa nashonea kiraka cha gunia kwenye kanzu.

Tena pointi za uhai hazikuanza kama kipimo cha nyama na mifupa. Dave Arneson, mmoja wa waanzilishi wa mchezo wetu huu wa mezani, uliotoka mwaka 1974, alichukua wazo hilo kwenye michezo ya vita vya meli, ambako chombo kinapigwa mara kadhaa kabla hakijazama. Mwenzake Gary Gygax aliandika mwaka 1979 kwamba ndani ya pointi hizo kuna ustadi na bahati pia. Kwa hiyo zile 19 si lazima ziwe mifupa. Huenda alishika mzizi njiani.

Babu yangu alikuwa mcheza bao. Kwenye bao kuna shimo linaitwa nyumba, na sijawahi kusikia mtu akimuuliza ile nyumba ina vyumba vingapi. Unaijaza kete, unailinda, inakukosesha raha mpinzani akiikaribia. Basi.

Ningemuuliza Nesi siku ile ile kilichomkera, ningeokoa wiki tatu. Nilipomuuliza hatimaye, alijibu: "Sikutaka avunjike. Nilitaka aogope."

Sasa hivi mtu akilalamika kwamba jambo fulani haliwezekani, sigusi namba kwanza. Naangalia nilivyosimulia. Kabla ya dadu nasema kokoto lililodondoka lilichukua muda gani kusikika chini. Baada ya kuanguka kuna kitu kinapotea: ngao imepinda, kamba imebaki juu, walinzi wamesikia kishindo. Uzito wa chakula na idadi ya mishale nimeachana navyo. Ila tulipovuka jangwa nilihesabu maji kwa funda, kwa sababu safari yote ilikuwa ni maji, na hakuna aliyesinzia. Kanuni ikiniongezea dadu mbili kila pigo bila kumbadilishia mchezaji uamuzi wake, naifuta, hata kama ni sahihi kitabibu.

Juzi jamaa yule yule alifika ukingoni mwa genge jingine. Akauliza kimo chake. Nikadondosha kokoto, nikanyamaza. Akatoa kamba.

Daftari bado lipo. Kwenye ukurasa wa mifupa Nesi anaandika zamu za kununua soda.