Muuaji wa mfululizo bila maiti: upelelezi wa Vancouver ulikwama wapi?

Swali: Ninasoma sheria. Katika kesi ya Robert Pickton wa Kanada, wanawake wa mtaa wa Downtown Eastside, Vancouver, wengi wao wenyeji asilia, walipotea miaka nenda miaka rudi huku polisi wakisema hakuna maiti, hivyo hakuna mauaji. Je, mpelelezi anaweza kujua kuna muuaji wa mfululizo kabla ya kupata maiti? Na kwa nini walichelewa hivyo?

Jibu: Kumtia mtu hatiani bila maiti ni kazi ngumu. Lakini swali la kwanza si la hatia. Ni iwapo ipo sababu ya kutosha ya kufungua jalada la mauaji na kulipangia wapelelezi. Kwa hilo maiti haihitajiki, na Vancouver sababu ilikuwepo karibu miaka mitatu kabla Pickton hajakamatwa Februari 2002.

Mpelelezi Kim Rossmo wa polisi wa Vancouver alikuwa bingwa wa kukadiria anakoishi mhalifu kwa kutumia ramani ya matukio. Mbinu hiyo hutaka walau matukio matano ambayo mahali pake panajulikana, na hapa hapakujulikana hata mahali pamoja. Akageukia hesabu. Anayeripotiwa kupotea kwa kawaida hupatikana, awe hai au amekufa, ndani ya siku au wiki chache. Kwa hiyo wanaohesabiwa ni wale wasiopatikana kabisa: wapange kwa mtaa, jinsia na mwaka, kisha linganisha na miaka ya nyuma. Tumia tarehe ya mwisho mtu kuonekana, usitumie ya taarifa kufika polisi. Mwanamke asiye na makazi ya kudumu huenda akaripotiwa baada ya miezi mingi. Ukifuata tarehe ya taarifa, waliopotea 1997 watahesabiwa 1998 au 1999, nawe utahoji mashahidi kuhusu usiku usiohusika. Rossmo aliona ongezeko lisiloelezeka kwa bahati tangu 1995, na mwaka 1999 aliwaandikia wakubwa wake kwamba muuaji wa mfululizo ndiyo maelezo yanayoelekea zaidi kuwa kweli. Baadhi yao waliendelea kuamini kwamba wanawake wale wamehama tu.

Dai la kuhama hupimwa kwa alama za uhai. Je, hundi ya msaada wa serikali ya mwezi ule imechukuliwa? Dawa za duka la dawa, je? Amelazwa hospitali yoyote, amekamatwa popote, amempigia mwanawe simu siku ya kuzaliwa? Alama moja ikikatika, huenda ni bahati tu. Zikikatika zote ndani ya wiki moja, jalada linahamia kitengo cha mauaji siku hiyo hiyo. Kosa la Vancouver lilikuwa kinyume chake: wanawake wachache kwenye orodha walipofuatiliwa na kupatikana, jambo hilo likachukuliwa kuwa dalili kwamba wengine nao wako mahali fulani.

Kisha kuna suala la mipaka. Wanawake walitoweka Vancouver, kwenye eneo la polisi wa jiji. Shamba la nguruwe la Pickton lilikuwa Port Coquitlam, chini ya polisi wa shirikisho, RCMP. Machi 1997 mwanamke mmoja alitoroka shambani humo akiwa na majeraha ya kisu na pingu mkononi. Ufunguo wa pingu ulikutwa kwa Pickton. Mashtaka ya kujaribu kuua yalisitishwa Januari 1998, shahidi akionekana hawezi kutegemewa kwa sababu ya dawa za kulevya. Nguo na viatu vya mtuhumiwa vilibaki stoo hadi 2004, vilipopimwa na kukutwa vinasaba vya wanawake wawili waliopotea. Januari 2000 Pickton mwenyewe aliwakubalia polisi wapekue shamba, na hawakupekua. Waliingia 2002 kwa hati ya kutafuta silaha zisizo na kibali, wakakuta kipulizio cha pumu chenye jina la mmoja wa waliopotea.

Kamishna Wally Oppal, aliyeongoza tume ya jimbo ya kuchunguza kesi hii, katika ripoti iliyotolewa Desemba 2012 ikiwa na mapendekezo 63, alisema wazi kwamba upendeleo wa kimfumo dhidi ya wanawake hawa ulichangia kushindwa kwa polisi. Ulianzia kwenye kaunta: waliokuja kuripoti rafiki waliambiwa ndugu ndiye anayestahili kuripoti, na kwa wanawake ambao wenzao wa mtaani ndio waliokuwa familia, hapo taarifa ilikufa. Pokea taarifa kwa yeyote anayemfahamu aliyepotea. Chukua mapema sampuli ya mate ya mzazi au mtoto ya kulinganishia vinasaba, kwa sababu mswaki wa mtu asiye na chumba hautaupata.

Hasara haikukoma na hukumu. Pickton alihukumiwa Desemba 2007 kwa mauaji ya watu sita. Mashtaka mengine 20 yalisitishwa mwaka 2010, kwa kuwa adhabu isingeongezeka. Kisheria inaeleweka. Kwa familia 20 ina maana kwamba hakuna mahakama iliyowahi kutamka nani aliyemuua binti yao, na mimi naona bei hiyo ilikuwa kubwa mno. Hata kwenye tume, serikali ya jimbo ilikataa kuyalipia mawakili makundi ya wanawake na ya wenyeji asilia, mengi yakajitoa, wakati polisi walikuja na mawakili wa kulipiwa na umma.

Pickton alikufa Mei 2024 baada ya kushambuliwa gerezani. RCMP walikuwa wameshaomba mahakama ruhusa ya kuondoa vielelezo takriban 14,000, na familia zikapinga. Ukiangalia viatu vile vya 1997, familia hizo zina hoja: mashtaka yakisitishwa, vielelezo vyake vihifadhiwe vikiwa vimekaushwa, vimefungwa kwenye karatasi badala ya plastiki inayoozesha vinasaba, na kila anayevigusa asaini.