Trafiki anaweza kukupiga shoti kwa kugoma kusaini faini? Wakili anajibu wasomaji

SWALI: Wakili, salamu nyingi. Mimi ni dereva. Juzi mwenzangu alinionyesha video ya Marekani: askari kasimamisha gari, wakabishana kidogo na dereva juu ya karatasi ya faini, mara askari akachomoa bunduki ya umeme na dereva akawa chini anapiga kelele. Kijiweni kwetu tumegawanyika. Mmoja anasema askari alikuwa na haki, kwa sababu ameamuru akakaidiwa. Mwingine anasema ile si silaha, ni shoti tu, mtu anainuka anajikung'uta vumbi. Naomba utuamulie.
*Dereva, msomaji wenu wa siku nyingi*

JIBU: Ndugu dereva, nianze na huyo anayesema ni shoti tu, maana tukikosea hapo tutakosea na yanayofuata.

Bunduki ya umeme hurusha vishale viwili vyenye ncha ya ndoana, kila kimoja kikiburuta waya mwembamba uliofungwa kwenye bunduki. Vikinasa kwenye ngozi au nguo, umeme hupita mwilini kutoka kishale kimoja kwenda kingine. Bunduki ya aina ya Taser X26, iliyoingia sokoni mwaka 2003 na kuenea sana kwa polisi, hupiga mapigo 19 kila sekunde kwa sekunde 5, na askari akiendelea kubana kifyatulio umeme nao unaendelea. Misuli iliyo kati ya vishale hukaza yote kwa pamoja. Watu huogopa zile volti 50,000 zinazotajwatajwa. Hizo ni za kuuwezesha umeme kuruka hewani na kupenya nguo. Zinazofika mwilini ni chache sana kuliko hizo, na mkondo wenyewe ni mdogo. Ninachoogopa mimi ni kwamba mtu aliyekazwa misuli hawezi kutanguliza mikono anapoanguka. Anakwenda chini kama gogo, na kando ya barabara chini ni lami.

Mwaka 2005, katika mji wa Coronado, California, kijana wa miaka 21 alisimamishwa kwa kutofunga mkanda. Alishuka garini amevaa chupi ya bukta na raba, ana hasira, anajipiga mapaja na kupayuka peke yake. Hakuwa na silaha, na kwa mavazi yale hakuwa na pa kuificha. Hakumtishia askari, hakukimbia, na alikuwa mita sita au zaidi kutoka aliposimama askari. Akafyatuliwa. Aliangukia uso, meno manne yakavunjika. Yote hayo yalianzia kwenye mkanda.

Kuna namna ya pili ya kuitumia silaha hii, ambayo kwangu ndiyo mbaya zaidi barabarani: askari huigandamiza bunduki yenyewe mwilini mwa mtu. Hapo misuli mingi haikazi, mtu hazuiliwi kufanya chochote. Kinachopatikana ni maumivu tu, na maumivu hayo ndiyo yanayotarajiwa kumfanya atii.

Ndivyo alivyofanyiwa mama mmoja mjini Seattle, Novemba 2004. Alikuwa mjamzito wa miezi saba, anampeleka mwanawe wa miaka 11 shule. Askari walisema alikwenda maili 32 kwa saa kwenye eneo la shule lenye kikomo cha maili 20. Alikubali kupokea karatasi lakini akakataa kuisaini, akiamini kwamba kusaini ni kukiri kosa. Wakaja askari wengine. Wakamwambia atakamatwa, akagoma kushuka. Akawaambia ana mimba. Wao wakashauriana wapige wapi, wakakubaliana tumbo liachwe, apigwe paja. Basi akapigwa paja, kisha mkono, kisha shingo, mara tatu ndani ya muda usiofika dakika moja, akavutwa nje na kulazwa kifudifudi barabarani, afungwe pingu. Namshukuru Mungu mtoto alizaliwa salama. Kila ninapoisoma kesi ile naganda hapo kwenye kushauriana. Watu waliopata muda wa kujadili kiungo cha kupiga walikuwa na muda wa kufanya jambo jingine. Gari lilishazimwa, mama haendi popote.

Sasa haki ya askari. Kipimo cha Marekani kiliwekwa na Mahakama ya Juu mwaka 1989, na kesi yenyewe ilitokana na gari lililosimamishwa. Mgonjwa wa kisukari aliingia dukani kutafuta juisi ya machungwa, akakuta foleni ndefu, akatoka mbio. Askari akamshuku na kulisimamisha gari alilopanda. Alipoachiwa alikuwa amevunjika mguu, na dukani hakuwa ameiba kitu. Mahakama ikasema nguvu ya polisi ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa pale, na yatazamwe mambo matatu: kosa lina uzito gani, mtu ni hatari ya papo hapo kwa askari au kwa wengine, na je, anapambana au anakimbia. Mwenzako anayesema "ameamuru akakaidiwa" amelishika hilo la mwisho, tena nusu yake. Kukataa kusaini au kung'ang'ania usukani ni ukaidi, lakini si sawa na kurusha ngumi. Na kosa la mkanda, au la mwendo, liko chini kabisa ya ngazi ya makosa.

Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa, yaani ya serikali kuu kwa majimbo ya magharibi mwa Marekani, iliyaamua mashauri yale mawili ya Coronado na Seattle kati ya 2009 na 2011. Ilisema kufyatua vishale ni nguvu kubwa inayohitaji sababu kubwa, na kwamba katika matukio yote mawili, kwa maelezo ya walalamikaji, nguvu ilizidi kiasi. Kisha ikawaondoa askari wote katika madai hayo! Wanayo kinga: mtumishi wa serikali halipi fidia ikiwa siku ya tukio sheria haikuwa imekwisha kuweka wazi kwamba tendo lile ni kosa. Kwa hiyo yule mama aliambiwa kwamba madai yake yana msingi, na kwamba hatalipwa kwa ajili yake. Nimefanya kazi hii ya sheria maisha yangu yote ya ukubwani na bado sijaweza kulieleza jambo hilo kwa mtu wa kawaida bila kuona haya.

SWALI: Wakili, mimi ni askari mstaafu. Ninyi wanasheria mnahukumu mkiwa mmekaa vitini. Usiku, barabarani, hujui aliyemo ndani ya gari ana nini chini ya kiti. Kabla ya silaha hizi tulikuwa na rungu na bastola. Bora mtu apigwe shoti kuliko risasi. Kanusha hilo.
*Afande mstaafu*

JIBU: Afande, silikanushi. Kusogelea gari usiku ni kazi ya hatari na wenzako wamezikwa kwa ajili yake. Kama mtu ana kisu mkononi na askari ana chaguo la risasi au umeme, nami nasema umeme. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2020 kuhusu silaha hizi nao unauzungumzia umeme kama kitu cha kumdhibiti kwa mbali mtu anayetishia kudhuru.

Lakini hebu turudi Coronado na Seattle. Ni askari gani pale alikuwa karibu kupiga risasi? Hakuna. Umeme haukuchukua nafasi ya bastola. Ulichukua nafasi ya maneno, na ya dakika kumi za kumsubiri mtu apoe au kumwita mkuu wa zamu. Hilo ndilo ninalolipigia kelele, afande, wala si kuwepo kwa silaha. Ukimpa askari kitu kinachomaliza ubishi kwa sekunde tano na kuambiwa kwamba hakiui, ubishi wowote utaanza kuonekana unafaa kumalizwa hivyo.

Na kuua kinaua. Shirika la habari la Reuters lilichapisha uchunguzi mwaka 2017: lilihesabu watu 1,005 Marekani waliokufa baada ya polisi kuwapiga kwa Taser, na katika vifo 153 kati ya hivyo wachunguzi wa maiti waliitaja silaha kuwa chanzo au sehemu ya chanzo. Kampuni inayoitengeneza inapinga hesabu hizo. Hata hivyo ni kampuni hiyohiyo iliyowaelekeza askari mwaka 2009 waepuke kulenga kifua. Ongeza petroli: mwaka 2022, kwenye kituo cha mafuta katika Kaunti ya Osceola, Florida, askari alimfyatulia mwendesha pikipiki aliyekuwa amemwagikiwa mafuta katika purukushani ya kukamatwa. Alilipuka moto. Wewe umefanya kazi barabarani, unajua ni mara ngapi mambo huishia karibu na tangi la mafuta.

Halafu umeme na risasi haviko mbali kama tunavyopenda kuamini, maana vinakaa kwenye mkanda mmoja kiunoni. Aprili 11, 2021, huko Brooklyn Center, Minnesota, Daunte Wright, kijana wa miaka 20, alisimamishwa. Kibandiko cha usajili wa gari kilikuwa kimepita muda na kwenye kioo kulikuwa na kitu cha manukato kinaning'inia. Askari wakagundua kuna hati ya kumkamata, akajivuta kurudi ndani ya gari. Askari mwenye miaka 26 kazini akapaza sauti kwamba anatumia Taser, tena na tena, na mkononi akiwa ameshika bastola. Kijana akafa. Mahakama ilimtia hatiani askari yule kwa kuua bila kukusudia. Nadhani alisema kweli kwamba hakukusudia risasi. Swali langu ni kwa nini umeme wenyewe uliitwa haraka hivyo kwa mtu aliyekwisha kutambuliwa na ambaye angeweza kukamatwa nyumbani kesho yake.

Hata kuichomoa bila kuifyatua ni nguvu. Texas, Julai 2015, Sandra Bland alisimamishwa kwa kubadili njia bila kuwasha taa ya ishara. Ubishi ukaanza pale askari alipomtaka azime sigara akiwa ndani ya gari lake mwenyewe. Askari akamwelekezea silaha ya umeme, akamtishia nayo, akamtoa nje. Siku tatu baadaye mama huyo alikutwa amekufa mahabusu.

Wakuu wa polisi wenyewe wameyaona haya. Mwongozo wa PERF, chama cha makamanda wa Marekani, wa mwaka 2011 unataka askari wasivuke mizunguko mitatu ya sekunde 5, na unasema kukimbia peke yake si sababu ya kutosha ya kumpiga mtu. Afande, ukiwa bado unaitwa kuwafunza vijana kazi, naomba hilo la mwisho uwafundishe kwanza. Wewe watakusikiliza kuliko watakavyonisikiliza mimi.

SWALI: Shikamoo wakili. Mwanangu amekwenda Marekani na ameanza kuendesha gari. Nimwambie nini?
*Mama*

JIBU: Marahaba mama. Inaniuma kwamba mzigo huu tunambebesha kijana badala ya askari aliyefunzwa na kulipwa, lakini namtaka arudi nyumbani mzima.

Akisimamishwa, mikono ikae juu ya usukani na taa ya ndani iwashwe ikiwa ni usiku. Kabla ya kutoa leseni aseme iko wapi, ndipo aifuate. Karatasi ya faini asaini: katika majimbo mengi saini ni ahadi ya kulipa au kufika mahakamani, haimaanishi kukiri. Akiambiwa ashuke, ashuke, kwa sababu Mahakama ya Juu iliwapa askari mamlaka hayo tangu 1977. Anaweza kusema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kwamba hakubaliani lakini anatii. Ubishi wenyewe audai mahakamani. Kama ana ugonjwa wa moyo, aseme mapema.

Akipigwa, vishale asivichomoe mwenyewe, na hospitali aende siku hiyohiyo hata akijiona mzima. Apigwe picha za alama kabla hazijafifia. Wasioijua silaha hii hawajui kwamba inajiandikia: ndani yake kuna kumbukumbu ya tarehe, saa na muda kila mara kifyatulio kilipobanwa. Vilevile katika aina kadhaa za silaha hizi, kopo la vishale likifyatuka humwaga vikaratasi vidogo vyenye namba yake ya usajili, vinavyobaki vimetapakaa barabarani. Shahidi akivipiga picha pale vilipo, anakuwa ameonyesha mahali silaha ilipofyatuliwa. Kisha wakili wake aandike barua mara moja kwa idara ya polisi, akitaka kumbukumbu hiyo pamoja na video za kamera ya kifuani na ya kwenye gari zihifadhiwe, na asisubiri kesi ya faini iishe, kwa sababu idara nyingi hufuta video zisizoombwa baada ya muda maalumu.