Mwanafunzi akikuuliza kama mashine itamrudishia bibi yake ujana

Walimu wenzangu mnaoanza kazi mwaka huu, hasa mliopangiwa fizikia na baiolojia huku Pemba, swali hili litakufikieni. Mimi lilinifikia Wete, mwaka wangu wa pili, msimu wa karafuu, nusu ya darasa wako mashambani. Kijana wa kidato cha tatu alisimama akasema: "Maalim, ile mashine ya kwenye filamu inayomyeyusha mtu hapa ikamtokeza kwengine, haiwezi kumtokeza akiwa kijana?" Nikamwambia hayo ni mambo ya filamu, turudi kwenye somo. Akakaa. Muhula mzima hakuuliza tena.

Baadaye nikaja kujua kwamba bibi yake, aliyemlea, vidole vilikuwa vimekakamaa. Mwanamke aliyechambua karafuu maisha yake yote hawezi tena kutenga kikonyo.

Kwa hiyo likikufikia, usikimbilie ndiyo wala hapana. Anza na mashine yenyewe: inafanya nini? Teleportesheni, yaani huko kuyeyusha hapa na kutokeza kwengine, si uzushi mtupu. Mwaka 1993 Charles Bennett na wenzake walionesha kwa hesabu kwamba inawezekana kwa chembe, na mwaka 1997 kundi la Anton Zeilinger, kule Innsbruck, Austria, likaifanya kwa fotoni, yaani chembe ya mwanga. Mwaka 2017 Wachina waliitangaza kutoka ardhini hadi kwenye setilaiti, umbali uliofika kilomita 1,400. Lakini waeleze vizuri kilichosafiri. Si fotoni iliyoruka. Ni hali yake: chembe nyengine upande wa pili huipokea hali ile, na ya kwanza huipoteza yake.

Hali kama ilivyo. Hapo ndipo pa kusimama na wanafunzi, na usiwe na haraka. Mimi hupeleka darasani karatasi ya mtihani wa zamani niliyoitoa fotokopi: kuna doa la chai pembeni, na neno "msukumo" limefifia hadi herufi mbili za mwisho hazisomeki. Nawauliza, mashine ya fotokopi ni mbovu? Wanasema hapana. Mbona doa limetoka nalo? Wananyamaza kidogo, kisha mmoja husema: kwa sababu ni nzima. Basi na mashine ya kusafirisha watu, ikiwa nzima kweli, itamtoa bibi na vidole vyake vile vile. Anayetaka doa liondoke lazima ajue lipi ni doa na upi ni wino.

Wanafunzi wenye akili watakurukia na DNA: kwani kila seli haina maelezo ya mwili mzima? Basi mashine imjenge upya kwa maelezo hayo. Lifurahieni swali hili, ni zuri mno. Lakini bibi wa miaka 75 ana karibu DNA ile ile aliyozaliwa nayo, na bado amezeeka. Pacha wa yai moja wana DNA moja, na kila mmoja ana makovu yake na kumbukumbu zake. Ukimjenga mtu kwa DNA peke yake utapata pacha wake mchanga. Na kama mashine ingeweka nakala yake ya miaka 25 ikaitoa leo? Kijana wangu angekutana na msichana asiyemjua, kwa sababu siku nakala inachukuliwa mjukuu hajazaliwa.

Inabaki njia moja: kufuta uzee, kuacha kumbukumbu. Hiyo inadai mtu ajue uzee ni nini ndani ya kila seli, na mwenye kujua hivyo hahitaji kumsafirisha mgonjwa popote. Kwa hiyo mimi husema wazi darasani: mashine hii haijibu swali la uzee, inalibeba tu kulipeleka upande wa pili.

Hapo fungua baiolojia. Leonard Hayflick alionesha mwaka 1961 kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha husita. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka, Japani, alitumia jeni nne tu kuzirudisha seli za ngozi ya panya katika hali kama ya kiinitete, na mwaka 2012 akapata Tuzo ya Nobel. Ujana ulirudi pale pale kwenye sahani ya maabara. Hatari nayo waambieni: seli ikirudishwa mno husahau kazi yake, na inaweza kuzaa uvimbe.

Hesabu ya atomi iacheni mwisho. Mwili wa kilo 70 una atomi kama 7 ikifuatiwa na sifuri 27. Ukizisoma bilioni moja kila sekunde, utamaliza baada ya miaka bilioni 220 hivi. Wanaipenda, nami naipenda, ila ukianza nayo watadhani tatizo ni kasi ya kompyuta, wasubiri tu.

Na kabla kengele haijalia, muulize aliyeuliza nyumbani kuna nani. Mimi nilichelewa. Nilimuuliza barazani kwao, siku ya hitima ya bibi yake, tukakaa tukizungumza juu ya seli mpaka ikaadhiniwa Magharibi.