Je, mwanamke kuondoa ndevu kwa leza ni kubadili maumbile ya Allah?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, sheikh wetu. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa. Tangu usichana wangu naota nywele nene kidevuni na chini ya taya. Daktari ameniambia homoni zangu zimevurugika kwa sababu ya tatizo la ovari. Kila siku naamka kabla ya mume wangu, najifungia bafuni na wembe ninaouficha ndani ya boksi la pedi, ili asijue. Kidevu kimejaa vipele na weusi. Nimeshauriwa nitumie leza, lakini mama mkwe anasema huko ni kubadili maumbile na nitaingia katika laana iliyotajwa kwenye hadithi. Je, ni kweli? Naweza pia kuondoa kwa leza nywele za kwapa na za sehemu za siri? Na mdogo wangu wa kiume alichora tatuu mkononi kabla hajashika dini. Sasa ameambiwa swala yake haisihi mpaka aifute. Mwisho, ikiwa miadi itaangukia Ramadhani tutafanyaje? Jazakallahu khayran.

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Himdi zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na swala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na swahaba zake.

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe kabla ya dalili, maana naona mzigo huu umeubeba miaka mingi. Kuondoa ndevu hizo kunajuzu, iwe kwa wembe, kwa dawa ya kunyolea au kwa leza, na laana uliyotishwa nayo haikuhusu. Huo wembe unaouficha ndani ya boksi haukuwa dhambi siku hata moja.

Hata hivyo usimkasirikie mama mkwe wako. Hofu yake ina asili, na ni hofu ya mtu anayemcha Mola wake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, Shetani anaapa: «na nitawaamrisha, basi watabadili aliyoumba Mwenyezi Mungu». Na katika hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanawake wanaochanja ngozi kwa tatuu na wanaochanjwa, wanaong'oa nywele za uso, na wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri, wanaobadilisha maumbile ya Allah. Mwenye kuisikia hadithi hii akatetemeka, imani yake iko hai.

Lakini isikilize tena hadithi hiyo polepole. Imesemwa «kwa ajili ya uzuri». Maneno hayo hayakuwekwa kupamba sentensi. Imam Nawawi, alipoyafikia, akaeleza kuwa yanaonyesha kilichoharamishwa ni kufanya hivyo kwa kutaka uzuri tu. Ama ikihitajika kwa matibabu au kwa kasoro iliyopo kwenye jino, hapana ubaya. Kipimo kiko hapo: je, mtu ana umbo zima la kawaida akalikataa, au ana kasoro na udhia anaotaka kuuondoa?

Mtume (s.a.w.) mwenyewe ametuonyesha upande huo wa pili. Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya Kulaab, zama za ujahiliya. Akatengeneza pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, na juu ya hivyo akaamrishwa. Ingekuwa kila kugusa mwili ni kubadili maumbile, Arfaja angeambiwa asubiri na shimo lake usoni.

Sasa ndevu. Mwanamke kuota ndevu nene si hali ya kawaida ya umbile la mwanamke, na kwako wewe daktari ameshataja mpaka ugonjwa ulioleta hali hiyo. Kwa uaminifu wa elimu nikwambie kuwa Imam Tabari alikuwa na msimamo mkali, aliona mwanamke hata ndevu asiziondoe. Lakini Imam Nawawi, na ndiyo madhehebu ya Shafi, amesema mwanamke akiota ndevu au sharubu si haramu kuziondoa, bali ni mustahabu, yaani ni jambo linalopendeza kisheria. Na katika riwaya aliyoitaja Ibn Hajar, mwanamke kijana aliyependa kujipamba alimuuliza mama yetu Aisha (r.a.) kuhusu kuondoa nywele za kipaji cha uso kwa ajili ya mumewe, akamjibu: «Ondoa udhia kwako kadiri uwezavyo.» Nyusi ndizo uziache kama zilivyo, maana makatazo ya hadithi yanaziangukia moja kwa moja, zisichongwe kwa leza wala kwa kingine.

Leza yenyewe je? Wako wanaouliza, na swali lao ni la haki, kama leza haiingii katika «kayy», yaani kutibu kwa kuchoma moto. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman huko Marekani, kwa hiyo hutaikuta kwa jina katika vitabu vya wanazuoni wetu wa zamani. Inabidi itafutiwe ndugu yake wa karibu, na ndugu huyo ni kayy kweli, kwa sababu nuru yake inapofika mahali huleta joto, na joto hilo ndilo linalofanya kazi. Mtume (s.a.w.) amesema shifaa iko katika mambo matatu: kunywa asali, kuumikwa na kuchoma kwa moto, kisha akasema anaukataza umma wake kuchoma. Ipo katika Bukhari. Lakini yeye huyo huyo alimchoma Sa'd bin Mu'adh (r.a.) alipojeruhiwa mshipa wa mkono, nayo ipo katika Muslim. Wanazuoni wakaziunganisha hadithi hizi wakasema makatazo si ya uharamu. Ni kwamba mtu asikimbilie moto ilhali dawa nyepesi ipo. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza kuhusu leza: kwanza uliza kama lipo jepesi kuliko hilo. Wewe umekaa na wembe miaka na ngozi yako imeumia. Umeshapita hapo.

Nami sizungumzii kitu nilichosimuliwa tu. Mama yangu ana kisukari, na mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho ilianza kuvuja. Nilikaa naye chumbani siku aliyotibiwa. Aliweka kidevu juu ya kiegemeo cha mashine, daktari akamwekea kioo kidogo juu ya jicho, kisha ukaja mwanga wa kijani, unamweka na kuzimika, unamweka na kuzimika, mamia ya nukta, na yeye kila mweko anasema «Ya Latif». Leza ile haikumrudishia macho ya ujana, daktari alimweleza mapema. Iliziba mishipa inayovuja ili kilichobaki kisipotee. Leo bado anasoma msahafu wa herufi kubwa. Nitasemaje huku ni kubadili maumbile? Huku ni kuyahifadhi. Hukumu ni hiyo hiyo kwa leza inayovunja mawe ya figo, na kwa ile inayonyoosha kioo cha jicho ili mtu aone bila miwani.

Majmaa, yaani baraza la wanazuoni, ya kimataifa ya fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu ilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, ilipitisha azimio namba 173 kuhusu upasuaji wa urembo. Inaruhusiwa kurekebisha kasoro za kuzaliwa nazo au zilizotokea baadaye, na kuondoa ubaya wa sura unaomdhuru mtu mwilini au nafsini. Hairuhusiwi kubadilisha umbo lililo sawa kwa kufuata matamanio na mitindo. Kwa msingi huo kovu la kuungua, alama nyekundu ya kuzaliwa usoni, au mabaka meusi yaliyoachwa na chunusi, vyote vinajuzu kutibiwa kwa leza ili ngozi irudi kwenye rangi yake. Mtu mwenye ngozi nzima anayetaka ageuzwe kuwa mweupe, huyo hatibiwi ugonjwa. Huyo amekataa rangi aliyopewa na Mola wake, na hilo hatumruhusu.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu nimeona majeraha. Binti mmoja aliletwa kwangu na mama yake, mashavu yote mawili yana vipande vyeusi vya mstatili, kimoja kando ya kingine, sawasawa na kichwa cha mashine iliyompitia. Aliyempitishia hakuwa daktari wala muuguzi. Sababu yake inaeleweka. Leza ya nywele huitafuta rangi ya unywele, ile melanini. Rangi hiyo hunyonya nuru, nuru inageuka joto, na joto linaunguza shina. Ngozi nyeusi nayo ina melanini nyingi, na mashine isiyofaa haitofautishi unywele na ngozi, inachoma vyote. Kwa ngozi nyeusi wataalamu hupendelea leza ya mawimbi marefu, nanomita 1064, inayopita ndani zaidi bila kunyonywa sana na ngozi ya juu. Uliza swali hilo kabla hujakaa kitini, na uone kama umepewa miwani ya kukinga macho. Asiyejua kukujibu, ondoka. Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kujifanya tabibu na hakujulikana kwa tiba, basi yeye ni mdhamini, yaani madhara aliyoyaleta ni juu yake. Na sunzua au doa jeusi usilolijua lisipigwe leza kabla halijapimwa na daktari wa ngozi, kwani huenda likawa saratani, na leza ikafuta alama juu ikauacha ugonjwa chini.

Jingine la kujua ni kuwa hutamaliza kwa siku moja. Leza hushika unywele ulio katika kukua tu, na mwingine unakuwa umelala, kwa hiyo utarudi mara kadhaa, wiki kadhaa zikipita kati. Katika kipindi hicho nyoa ukihitaji, lakini using'oe wala usitumie nta, maana shina likitoka leza haina cha kushika. Na kwa kuwa kwako asili ni homoni, hizo nazo zitibiwe, la sivyo nywele zaweza kurudi.

Kwapa na kinena ni masuala mawili yasiyolingana. Kuondoa nywele za sehemu hizo ni katika sunna za fitra, na Anas (r.a.) ametaja kuwa tuliwekewa muda, zisiachwe zaidi ya siku 40. Njia si sharti. Wanazuoni wetu wameruhusu kunyoa, kung'oa na hata dawa, na zikiondoka zisirudi tena hakuna sunna iliyovunjika, kwa kuwa lililokusudiwa ni usafi. Kwapa basi ni jepesi: mwanamke mwenzako akufanyie, na usijifunue zaidi ya hapo.

Kinena ni kingine. Hiyo ni uchi mzito, haifunuliwi hata mbele ya mwanamke ila kwa dharura au haja ya matibabu, na Mtume (s.a.w.) ametukataza, mwanamke asitazame uchi wa mwanamke mwenzake. Hapa haja haipo, kwa sababu unaweza kujinyoa mwenyewe nyumbani kwako, au mumeo akakusaidia. Najua wengi hawapendi jibu hili na wengine watakwambia «wote ni wanawake humo ndani». Sioni njia ya kulilegeza. Ukipata kifaa kidogo cha nyumbani cha mwanga ukajitumia mwenyewe, hapana ubaya, ila soma kwanza maelezo yake, kwani vingi havifai ngozi iliyo nyeusi sana. Wapo wanaopata majipu na vidonda kila wanaponyoa sehemu hiyo. Hao wana maradhi, na daktari mwanamke akiwatibu kwa kadiri ya haja, wamo katika ruhusa.

Kidevu chako kitibiwe na mwanamke akipatikana. Asipopatikana mwenye ujuzi, akatibu mwanamume mwaminifu, asikae nawe faragha, na mumeo au ndugu awepo. Nakuomba pia umwambie mumeo. Hili si katika hukumu, ni ombi langu kwako.

Mdogo wako mpe salamu zangu. Tatuu ilikuwa dhambi, na toba ya kweli imeifuta dhambi kabla wino haujafutika. Masheikh wa Kishafi, akiwemo Nawawi, wamesema mahali pa tatuu panakuwa na najisi kwa damu iliyochanganyika na wino, na ni wajibu kuiondoa ikiwezekana kwa matibabu. Ama akiogopa kuharibikiwa na kiungo, au kubaki na ubaya wa wazi mahali panapoonekana, si wajibu, na akishatubu hana dhambi. Huenda hapo ndipo alipotoa maneno yake yule aliyemtisha, lakini akasahau nusu ya pili. Aswali, asiache swala hata moja. Leza imelegeza jambo hili kwa kuwa haikati ngozi: inavunja wino vipande vidogo, kisha mwili wenyewe unavibeba. Wino mweusi hutoka vizuri, kijani na njano ni wagumu zaidi, na itamchukua miezi. Akiwa na uwezo na daktari akamhakikishia usalama, aanze. Asipokuwa na uwezo wa kulipa, Allah haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake.

Ramadhani haizuii. Nuru inayopita kwenye ngozi si chakula wala kinywaji, na krimu ya ganzi inayopakwa haifunguzi. Kwa anayetibiwa jicho, matone ya jichoni hayafunguzi pia katika madhehebu yetu.

Kuhusu udhu: mafuta mazito ya kukinga jua utakayopewa yaoshe kwanza kama yanaweka utando unaozuia maji, kisha utawadhe, kisha upake tena. Mahali pakitoka kidonda na daktari akakataza maji, osha palipo pazima na utayamamu kwa ajili ya hapo palipobaki.

Wallahu a'lam.