Jibu: Usichapishe hojaji hizo 300 siku ya Jumatatu

Usizichapishe. Umeuliza jinsi ya kuandika sura ya mapitio ya maandiko, mtindo upi wa marejeleo unafaa, na programu ipi ya takwimu ni nyepesi kujifunza, lakini kilichonifanya niache chakula mezani ni lile ulilolitaja kwa kupita tu mwishoni: kwamba hojaji yako kuhusu matumizi ya simu na matokeo ya wanafunzi wa Senior 5 (mwaka wa tano wa sekondari) huko Jinja, Uganda, imeshatayarishwa na "mtaalamu" wa duka la uchapaji, na kwamba Jumatatu unachukua nakala 300 kuzipeleka shuleni. Mimi pia nilikuwa na mtaalamu wa namna hiyo. Alinipotezea mwaka mzima.

Utafiti wangu ulihusu ufundishaji wa Kiswahili katika Senior 1 na Senior 2, baada ya mtaala mpya wa sekondari ya chini wa mwaka 2020 kulifanya somo hilo kuwa la lazima katika madarasa hayo. Lengo langu la pili, ambalo ndilo lililobeba kazi yote, lilikuwa kuwalinganisha wanafunzi wanaofundishwa na mwalimu aliyesomea Kiswahili na wale wanaofundishwa na mwalimu wa somo jingine, aliyepewa kipindi hicho kwa sababu tu alikulia karibu na mpaka na anajua kuagiza chai kwa Kiswahili. Nilichagua shule nane kati ya Tororo, Busia na Mbale. Nilikuwa na pendekezo lililopitishwa, kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, barua ya utambulisho na mkoba mpya.

Mtaalamu wangu, kaka mmoja wa duka la uchapaji la Wandegeya jijini Kampala, alifungua kwenye kompyuta yake hojaji ya mwanafunzi mwingine, akabadilisha kichwa chake, akafuta "Kifaransa" na kuweka "Kiswahili", kisha akanikabidhi kurasa nne. (Katika ukurasa wa tatu alisahau kufuta mahali pamoja, na hivyo wanafunzi wengi wa vijiji vya Tororo walikubali kabisa kwamba hupenda kuzungumza Kifaransa nyumbani.) Baada ya hapo alifungua jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, linaloonyesha uchukue sampuli ya watu wangapi kutoka kundi la ukubwa fulani, ambalo wanafunzi wa vyuo vyetu hulikariri kama sala, akaweka kidole kwenye idadi ya watu 1,000 na kutamka: "278. Ukileta 278, umemaliza." Nilimwamini, kwa kuwa alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kuwamaliza wengi.

Nakala peke yake, kwa shilingi 100 kila ukurasa, zilinigharimu shilingi 111,200. Nikijumlisha nauli, boda boda za kwenda shule za vijijini, malazi, na soda za walimu walionigawia vipindi vyao, hesabu ilipita laki nane, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka katika sanduku la akiba la kikundi cha mama yangu. Siku ya kurudi Kampala nilizitia fomu zote ndani ya gunia moja, nikalipakata katika teksi kama mtoto mchanga.

Nilipozimwaga sakafuni ili nianze kuziingiza kwenye kompyuta, ndipo nilipogundua kwamba hapakuwa na mahali popote, katika kurasa zote nne, palipoandikwa shule, wala darasa, wala alama yoyote ya kuonyesha fomu imetoka kwa mwalimu yupi. Majina ya wanafunzi hayakutakiwa, na hilo lilikuwa sahihi kwa kuwa niliwaahidi usiri. Lakini usiri wa mwanafunzi haukunikataza kuandika herufi ndogo ya A au B pembeni mwa karatasi kabla ya kuigawa. Fomu zilikuwa 278, na sikuweza kusema hata moja kama imejazwa na mwanafunzi wa mwalimu aliyesomea Kiswahili au wa yule wa chai. Nilijaribu kuzitambua kwa rangi ya wino, kwa mikunjo, na hatimaye kwa vumbi. Usicheke: kwa muda wa siku mbili nilikuwa na marundo matatu yaliyopangwa kwa ushahidi wa vumbi.

Msimamizi wangu alichukua fomu moja, akaigeuza mbele na nyuma, akauliza, "Hii ni ya shule gani?" Nikanyamaza. Akachukua ya pili, nikanyamaza tena. Halafu akasema jambo ambalo lilipaswa kusemwa kabla sijanunua hata tiketi ya basi: "Na hata kama ungejua, kwa lengo hili una walimu wanane, huna wanafunzi 278." Jedwali lile linachukulia kwamba kila mtu amechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu kutoka katika kundi zima, ilhali wanafunzi 35 wa darasa moja hukaa mbele ya mwalimu yuleyule, na wanachosema juu ya somo lake hufanana kwa sababu yake. Ukitaka kuwalinganisha walimu, unahesabu walimu.

Nilimrudia kaka wa Wandegeya. Alinionyesha kwa fahari kwamba kipimo cha Cronbach kilikuwa 0.86, yaani juu ya ile 0.70 ambayo wengi huikubali. Kipimo hicho huonyesha kama maswali yaliyokusanywa katika mizani moja yanaelekea upande mmoja, na hakisemi chochote kuhusu kama maswali hayo yanajibu lengo lako; fomu zangu zilikuwa zimekubaliana kwa 0.86 kwamba hazijui kwao. Alipoona sifurahi, alipunguza sauti: "Zigawe tu A mpaka H, nani atajua?" Nakiri kwamba usiku ule nilikaa na kalamu nyekundu mkononi kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Lakini hasira yangu mpaka leo iko juu ya mtu anayejiita mshauri wa utafiti huku akilipwa kwa ukurasa, ambaye karatasi yenye maana na karatasi isiyo na maana humpa shilingi 100 ileile, na ambaye tasnifu ikikataliwa hupata mteja yuleyule kwa mara ya pili. Nami, kwa aibu yangu, nilichapisha kwake mara ya pili, kwa sababu alikuwa na bei nafuu.

Kwa hiyo, kabla hujaandika swali hata moja la hojaji, chora majedwali matupu ya sura ya nne, yaani ile ya matokeo. Chukua lengo lako la kwanza, chora jedwali ambalo ungependa kuliona siku ya kutoa matokeo, uandike vichwa vya safu na vya mistari, na uache vyumba vya ndani vitupu. Kisha uliza kila chumba: namba itakayoingia hapa itatoka katika swali lipi, kwa nani, na nitaijuaje? Chumba kisicho na jibu ni swali linalokosekana, na swali lisilo na chumba ni la kufutwa. Mimi ningechora jedwali moja tu, "mwalimu aliyesomea" upande huu na "asiyesomea" upande ule, ningejua kwa dakika tano kwamba ninahitaji herufi ile pembeni.

Tazama sasa kazi yako. Jedwali lako kuu litakuwa na saa za kutumia simu upande mmoja na alama za mtihani upande mwingine. Saa zitatoka kwa mwanafunzi asiyeandika jina, na alama zimo katika daftari la shule lenye majina, utaviunganishaje? Ukimwuliza mwanafunzi mwenyewe alama zake, atakupa zile anazozitamani. Ukitaka daftari, utahitaji namba ya utambulisho badala ya jina kwa kila fomu, pamoja na ridhaa inayotaja wazi kwamba utaangalia alama, na wengi wa Senior 5 hawajafikisha miaka 18, kwa hiyo unatakiwa kupata ridhaa ya mzazi pamoja na kukubali kwa mwanafunzi mwenyewe. Na kama shule hizo ni za bweni ambako simu zimekatazwa, ni nani atakayeweka alama ya vema kwenye "saa tatu kwa siku" huku mwalimu wa nidhamu akipita kati ya madawati?

Ukibadilisha hojaji baada ya kupata kibali, ni lazima mabadiliko hayo yarudi kwenye kamati na yakubaliwe kabla ya kutumika, na kamati haitoi kibali kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Kungoja huko kulinipotezea muhula mwingine. Programu yoyote ya takwimu itakutosha, kwa kuwa hakuna hata moja inayoweza kukuambia fomu imetoka wapi.

Mpigie simu mwenye duka leo, usingoje Jumatatu. Akikuambia kwamba karatasi zimeshawekwa kwenye mashine, lipia rimu hiyo uende nayo nyumbani ikiwa tupu, kwa sababu majedwali ya kwanza huharibika, na utayachora upya mara nyingi.