Hadithi za Kisandawe zihifadhiwe wapi?

Ndugu, umeuliza iwapo hadithi za Kisandawe unazorekodi kwa wazee wa Chemba, mkoani Dodoma, zitakuwa salama ukiziweka YouTube. Zitasikika, ila mtandao ule hubana sauti inapopakiwa na haukuahidi kumtunzia mtu faili zake kwa vizazi. Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa) badala ya MP3 (lililobanwa), hasa kwa lugha yenye sauti za vidoko (milio ya kualisha ulimi), ambazo mtafiti wa baadaye atataka kuzichunguza zikiwa kamili.

Kabla ya yote, rudi kwa wasimulizi uwaulize, kinasa sauti kikiwa kimewashwa, nani aruhusiwe kusikiliza nini, maana mzee aliyekubali kusimulia mbele ya wajukuu hajakubali kutangaziwa dunia nzima, na masimulizi ya matambiko huenda yana masharti yake. Hifadhi ya ELAR, ya kidijitali ya lugha zilizo hatarini kutoweka, iliyohamia Berlin kutoka London mwaka 2021, huruhusu baadhi ya faili zifunguliwe na nyingine zifungwe. Wasiliana nao mapema. African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto iliyoanzia Afrika Kusini, hutoa hadithi zake kwa leseni huria, yaani yeyote huruhusiwa kuzisambaza, kwa hiyo huko peleka ngano za watoto tu.

Andika pia jina la msimulizi (akiridhia), kijiji, tarehe na muhtasari wa Kiswahili. Rekodi isiyo na maelezo hayo, kwa maoni yangu, imekwisha kupotea nusu. Nakala nyingine iache kwenye kadi ya kumbukumbu katika shule ya kijiji, ili wenyewe wasikilize bila kutegemea intaneti.